Safari ya Xu Xiake katika Milima ya Chokaa ya Uchina, 1636–1640

Upande wa kusini-magharibi wa Uchina, katika majimbo ya Guangxi, Guizhou na Yunnan, iko nchi ya milima isiyofanana na milima mingine. Milima ya Guangxi haikupangana safu kwa safu kama ile ya Usambara au Uluguru, bali husimama mmoja mmoja katika nchi tambarare, kuta zake wima na vilele vyake vimechongoka, na baina yake mna mashamba ya mpunga na mito myangavu. Ndani ya milima hiyo mna mapango makubwa yenye vyumba, nguzo na vijia vya giza. Pengine mto mzima huingia chini ya ardhi ukapotea, kisha ukaibuka upande wa pili wa mlima. Mtu aliyeipita nchi hiyo kwa miguu katika karne ya 17, akaandika siku kwa siku aliyoyaona na sababu alizodhani zimeyaumba, alikuwa Xu Xiake. Wachina humhesabu kuwa baba wa elimu ya mapango na milima ya chokaa, na sifa hiyo ni haki yake. Walakini mtu asomaye kumbukumbu zake kwa uangalifu huona kwamba nyuma ya kila ukurasa wapo watu wengine: mtawa, mtumishi, viongozi wa njia waliobeba mienge, na wanavijiji waliobeba mizigo. Kuijua safari ya Xu bila ya kuwajua hao ni kuijua nusu yake tu.

Yafaa kwanza kueleza jinsi milima hiyo ilivyoumbika. Mawe yake ni mawe ya chokaa, ambayo yalifanyika chini ya bahari zaidi ya miaka milioni 300 iliyopita, kutokana na maganda na mabaki ya viumbe vidogo. Baadaye ardhi iliinuka na bahari ikajitenga. Maji ya mvua, yapitapo katika hewa na katika udongo wenye majani yaliyooza, huchukua hewa ya kaboni na kuwa makali kidogo. Maji hayo huliyeyusha jiwe la chokaa polepole, huipanua mipasuko yake, huyachimba mapango na kuyaporomosha mapaa yake. Tone la maji linaloanguka kutoka darini mwa pango huacha chokaa kidogo mno. Kwa maelfu ya miaka chokaa hicho hufanya mawe yanayoning'inia kutoka juu na mengine yanayoota kutoka chini. Mtu aliyefika katika mapango ya Amboni, karibu na Tanga, ameona kazi hiyo hiyo ya maji kwa kipimo kidogo. Guangxi ni nchi ya joto na mvua nyingi, na tabaka zake za chokaa ni nene sana. Kwa hiyo kazi ambayo kwingine haikuvuka hatua ya mapango, huko imekula nchi nzima hata ikabaki minara ya mawe tu.

Xu alizaliwa mwezi wa Januari 1587 huko Jiangyin, karibu na mdomo wa mto Yangtze, katika zama za utawala wa Ming. Jina lake hasa lilikuwa Xu Hongzu. Xiake ni lakabu yenye maana ya mgeni wa mawingu mekundu, aliyopewa na rafiki. Jamaa zake walikuwa watu wa mali na elimu, na desturi ya watu wa namna hiyo ilikuwa kusoma kwa ajili ya mitihani ya serikali na kutafuta ukubwa. Yeye hakuitaka njia hiyo. Alipofiwa na baba yake alitamani kusafiri, lakini aliona haya kumwacha mama yake mjane. Mama ndiye aliyemruhusu, hata akamshonea kofia ya safari kwa mkono wake. Mwaka 1624, akiwa mwenye umri wa karibu miaka 80, mama huyo alifuatana naye kwenda kuyatazama mapango ya Yixing, akatembea mbele ya mwanawe ili kumwonyesha kwamba miguu yake ingali na nguvu. Alifariki mwaka uliofuata. Tangu hapo Xu hakuwa na kizuizi tena cha kwenda mbali.

Safari yake kubwa ilianza mwezi wa Oktoba 1636, alipokuwa na umri wa miaka 49. Hakuondoka peke yake. Alifuatana na mtawa wa Kibuddha aitwaye Jingwen, na watumishi wawili. Mtumishi mmoja alitoroka mapema. Wa pili, jina lake Gu Xing, alibaki. Jingwen alikuwa na nadhiri yake mwenyewe. Alikuwa amekinakili kitabu kitakatifu cha Lotusi kwa damu yake, naye alitaka kukipeleka katika mlima Jizu, jimboni Yunnan, mahali patukufu kwa Wabuddha. Basi watu watatu waliielekea nchi moja, kila mmoja kwa sababu yake. Bwana alikuwa na hamu ya kuona milima na vyanzo vya mito, mtawa alikuwa na nadhiri, na mtumishi alikuwa na amri ya bwana wake.

Mwanzoni mwa mwaka 1637, walipofika wilaya ya Chaling katika jimbo la Hunan, lilitokea jambo linaloonyesha vizuri tabia ya Xu. Palikuwa na pango moja, jina lake Maye, ambalo wenyeji walisema ni makao ya joka na pepo. Xu alitoa fedha apate kiongozi, asipatikane mtu. Hatimaye mmoja alikubali, akaanza kuvua nguo zake ili aingie. Kisha akauliza mgeni huyu ni mganga wa namna gani. Alipoambiwa kuwa si mganga bali ni msomi tu, alikataa katakata, kwa kuwa hakuwa tayari kufa pamoja na mtu asiye na dawa. Xu na Gu Xing waliingia peke yao. Mlango ulikuwa mwembamba hata iliwapasa kutanguliza miguu na kuisukuma mienge mbele yao. Walipotoka baadaye waliwakuta makumi ya watu wamekusanyika nje, wakiwastaajabia na kuwaheshimu kama wachawi wakubwa. Mara nyingi kisa hiki husimuliwa kwa kumsifu Xu peke yake kwa ujasiri. Lakini waliotambaa katika tundu lile walikuwa wawili, na mtumishi hakuwa na elimu wala umashuhuri wa kutafuta humo.

Mwezi wa Machi 1637 walivamiwa na wanyang'anyi katika mto Xiang, karibu na mji wa Hengyang. Wanyang'anyi waliwapiga watu kwa silaha, wakachukua mali na kulitia moto jahazi. Xu alijitupa majini, akaokoka akiwa hana kitu. Jingwen alikwenda katika moto kujaribu kuokoa vitu vilivyosalia, naye aliumia. Marafiki wa Hengyang walimshauri Xu arudi kwao. Badala yake alikopa fedha kwa ahadi ya mapato ya mashamba yake, akaendelea. Wenzake wawili wakaendelea naye.

Katikati ya mwaka huo waliingia Guangxi, wakafika Guilin, mji uliozungukwa na minara ya chokaa kila upande. Guilin haukuwa mji usiojulikana. Tangu kale maofisa na washairi walikuwa wamechonga maandishi yao katika kuta za mapango yake, na Fan Chengda, aliyetawala huko katika karne ya 12, alikuwa amekwisha andika habari za mapango hayo. Xu alikaa zaidi ya mwezi mmoja, akapanda vilima, akaingia mapangoni na kuandika kila alichokiona. Katika mlima wa Nyota Saba aliingia pango kubwa kwa mienge, nyuma ya kiongozi aliyemwonyesha mawe na kumtajia majina yake, hili likifanana na wavu ulioanikwa, lile likifanana na watu wachezao sataranji. Kisha aliuzunguka mlima wote kwa nje akihesabu milango ya mapango na kueleza jinsi linavyohusiana hili na lile. Mwaka 1953 wataalamu wa jiografia wa Uchina walilipima pango hilo kwa vyombo vyao, wakaona kwamba maelezo ya mtu yule asiyekuwa na chombo chochote yalikuwa yakilingana sana na vipimo vyao. Kilele kimoja tu kilimshinda, nacho ni Duxiu kilicho katikati ya mji, kwa kuwa kilikuwa ndani ya ua wa mwana wa mfalme. Aliomba ruhusa, akangoja na kuomba tena, asipewe.

Faida ya kazi yake haikuwa katika wingi wa mapango, ingawa aliingia mapango zaidi ya 100. Faida yake ilikuwa katika kulinganisha. Alipokwisha pita majimbo yote matatu, aliandika kwamba milima ya Guangxi husimama ikiwa imetengana, nayo ni mawe matupu. Milima ya Yunnan ni ya mviringo na yenye udongo, na mara nyingi huzingira mabonde kama bakuli. Na milima ya Guizhou iko baina ya aina hizo mbili, imesongamana na kuinuka ghafula. Hata maji aliyalinganisha. Mito ya Yunnan aliiona ina matope mengi, ya Guangxi aliiona safi, na ya Guizhou iko katikati. Alitambua kwamba mashimo ya mviringo yaliyo juu ya ardhi yana uhusiano na maji yapitayo chini, na kwamba mawe yaning'iniayo mapangoni yanatokana na maji yadondokayo. Mambo hayo leo ni msingi wa elimu inayoitwa karsti, kwa jina la nyanda za Kras zilizo mpakani mwa Slovenia na Italia. Huko Ulaya elimu hiyo ilipata sura yake kamili katika kitabu cha Jovan Cvijić, kilichochapishwa Vienna mwaka 1893, miaka zaidi ya 250 baada ya safari ya Xu. Haisemwi kwamba Xu alikuwa na elimu ya kemia, hakuwa nayo. Alikuwa na mazoea ya kutokubali neno la kitabu mpaka amefika mahali penyewe, na kwa mazoea hayo hayo aliukanusha usemi wa kale kwamba chanzo cha Yangtze ni mto Min, akaonyesha kuwa mto Jinsha ndio mrefu zaidi.

Kufika mahali penyewe, hata hivyo, kulikuwa na gharama, na gharama hiyo haikulipwa na Xu peke yake. Katika Guangxi maofisa walimpa hati ya serikali iliyomruhusu kudai wapagazi na chakula katika vijiji alivyopita. Kumbukumbu zake zaeleza jambo hili bila ya kuficha. Kila kijiji kilipaswa kutoa watu wa kuchukua mizigo mpaka kijiji cha pili, na pengine kumchukua yeye mwenyewe katika machela ya mianzi. Pengine watu walipoona wageni wanakuja walikimbia. Pengine wanaume hawakupatikana, mizigo ikachukuliwa na wanawake na watoto. Xu hukasirika anapocheleweshwa, na huandika hasira yake kwa maneno yale yale ya wazi anayotumia kueleza mwamba au mto. Haelekei kujiuliza wale waliokimbia walikuwa wakikimbia nini. Msomaji wa Afrika ya Mashariki, ambaye historia ya nchi yake imejaa misafara na wapagazi, hahitaji kuelezwa sana. Majina ya wapagazi wa Guangxi hayakuandikwa, na mizigo waliyoibeba ni pamoja na karatasi ambazo leo ndizo hazina ya elimu.

Kwa Jingwen mambo yalikuwa tofauti. Mtawa huyo aliugua njiani, na walipofika Nanning katika mwaka 1637 hakuweza kwenda mbele. Xu alimwacha katika hekalu, akaenda na Gu Xing kuzunguka milima ya mpakani. Alipomrudia, miezi zaidi ya miwili ilikuwa imepita, na Jingwen alikuwa amekufa zamani. Xu aliandika mashairi ya kumlilia. Kisha akaichukua mifupa ya mwenziwe, pamoja na kile kitabu kilichoandikwa kwa damu, akaanza tena safari. Mifupa hiyo ilipitishwa katika milima yote ya Guizhou, ambako wapagazi walimwibia Xu fedha zake, na katika Yunnan, mpaka mwanzoni mwa mwaka 1639 ilipofika mlima Jizu ikazikwa huko. Zaidi ya mwaka mmoja ulikuwa umepita tangu siku ya kufa. Katika historia ya Afrika ya Mashariki kuna kisa kinachokumbusha hiki, cha Chuma na Susi, ambao pamoja na wenzao waliuchukua mwili wa David Livingstone kutoka kijiji cha Chitambo, alikofia mwaka 1873, mpaka Bagamoyo, wakafika mwezi wa Februari 1874. Huko watumishi waliitimiza haki ya bwana wao. Katika Uchina mwenye safari ndiye aliyeitimiza nadhiri ya mwenziwe. Na hapana shaka kwamba mzigo ule ulikuwa pia juu ya bega la Gu Xing, kwa kuwa siku nyingi hapakuwa na mtu mwingine wa kuuchukua.

Huyo Gu Xing ndiye mtu ambaye historia imemtendea vibaya kuliko wote. Alikuwa na Xu katika pango la Maye, katika jahazi lililochomwa moto, katika homa na njaa, kwa muda wa karibu miaka mitatu. Mwezi wa Septemba au Oktoba 1639, walipokuwa mlimani Jizu, alifungua masanduku, akachukua vilivyokuwamo na kutoroka. Watawa wa mlimani walitaka kumfuata. Xu aliwazuia, akisema kwamba pengine hawatamfikia, na hata wakimfikia hawawezi kumlazimisha kurudi. Aliandika kwa uchungu mwingi juu ya bwana na mtumishi waliosafiri pamoja mbali sana na kwao, kisha mmoja akamwacha mwenziwe. Siku chache baada ya hayo kumbukumbu zilizosalia zinakoma. Katika vitabu vingi Gu Xing ametajwa kuwa mwizi na mtovu wa uaminifu, na maneno yaliyotumiwa kumhukumu ni ya bwana wake tu. Yeye hakuacha maandishi. Hakuna mahali palipoandikwa kama aliahidiwa ujira, wala kama aliwahi kuulizwa kwamba anataka kurudi Jiangyin. Kuiba ni kuiba. Lakini mtu aliyehudumu miaka mitatu katika hatari za namna ile hastahili kuhukumiwa kwa siku yake ya mwisho tu.

Kwa wakati huo afya ya Xu ilikuwa imeharibika. Ngozi yake ilitoka vipele, na miguu iliyompitisha katika majimbo mengi ilikataa kumchukua. Alibaki Jizu akiandika habari za mlima huo kwa ombi la Mu Zeng, mtawala wa Lijiang, ambaye alikuwa amempokea kwa heshima kubwa mapema katika mwaka 1639. Mwaka 1640 Mu Zeng alitoa watu wa kumchukua Xu katika machela. Walimbeba siku nyingi, milima na mabonde, hata wakafika mahali pa kupanda chombo cha mtoni. Alifika nyumbani akiwa mgonjwa. Inasimuliwa kwamba aliweka mawe aliyoyakusanya kando ya kitanda chake, akawa akiyapapasa kwa kuwa hakuweza kufanya zaidi. Alifariki mwezi wa Machi 1641, mwenye umri wa miaka 54.

Kumbukumbu zake nazo zilihitaji mikono ya wengine. Ji Mengliang, mwalimu wa nyumbani mwake, alizipanga mwaka 1642. Miaka mitatu baadaye majeshi ya Manchu yaliuzingira mji wa Jiangyin, ukaanguka kwa mauaji makubwa, na katika ghasia hizo karatasi zikatawanyika na nyingine zikapotea. Ji alikusanya zilizobaki. Baadaye Li Ji, mwana wa Xu aliyelelewa katika nyumba nyingine na kwa jina la nyumba hiyo, alitafuta nakala huko na huko akaziunganisha. Kitabu kilichapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1776, zaidi ya miaka 130 baada ya kufa kwa mwandishi. Mwaka 1928 mtaalamu wa miamba Ding Wenjiang alikitoa tena pamoja na ramani za safari, na tangu hapo Xu alianza kusomwa kama mwanasayansi. Herufi zipatazo 600,000 zimesalia, na sehemu kubwa ya hizo ni za safari hii ya mwisho.

Milima yenyewe imepata heshima ya dunia. Mwaka 2007 UNESCO iliyaingiza maeneo ya karsti ya Uchina ya kusini katika orodha ya urithi wa ulimwengu, na mwaka 2014 milima ya Guilin ikaongezwa. Wageni wengi hupita sasa katika mapango ya Guilin kwa taa za umeme na njia zilizojengwa, nao husikia jina la Xu Xiake likitajwa. Wachina wameiweka tarehe 19 Mei, tarehe ya kumbukumbu yake ya kwanza ya mwaka 1613, kuwa siku ya utalii nchini mwao.

Kwa wasomaji wa Kiswahili kitabu hiki kina fungu lake la mafunzo. Fasihi yao nayo ina habari za safari, kama zile zilizokusanywa katika Safari za Wasuaheli, kitabu kilichotolewa na Carl Velten mwaka 1901, na ziko nyingine nyingi zisizochapishwa, katika barua na katika vichwa vya wazee. Mtafiti anayezishika habari hizo hutazama kwanza mwandishi ameona nini. Na hilo ni sawa, kwa kuwa bila ya jicho la Xu dunia isingekuwa na maelezo yale ya milima. Lakini inampasa kuuliza pia nani alishika mwenge, nani alibeba karatasi, nani alilipwa na nani alilazimishwa. Majibu mara nyingi yamo katika kitabu hicho hicho, katika sentensi fupi ambazo mwandishi aliziandika kwa haraka akiwa na mawazo ya mlima ulio mbele yake. Xu aliandika kwa ukweli, hata katika mambo yasiyompa sifa. Ni kwa sababu ya ukweli huo kwamba, karibu miaka 400 baadaye, yawezekana kuwaona katika kurasa zake Jingwen aliyekufa Nanning, Gu Xing aliyetoroka Jizu, na wale wanawake wa Guangxi waliochukua mizigo ya mgeni kutoka kijiji hata kijiji.